Refa wa Kwanza ni Karatasi

Wengi wetu tunaamini mpira unaanza pale refa anapopuliza filimbi. Si kweli. Mpira unaanza siku nyingi kabla, mezani, kwenye karatasi yenye mistari ya kujaza: jina, tarehe ya kuzaliwa, timu aliyotoka, picha ndogo ya kubandika. Jina lako likiwemo, uwanja ni wako. Lisipokuwemo, hata uwe na mguu wa dhahabu, utakaa jukwaani na kikaratasi chako cha njugu ukiwatazama wenzako. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Kwenye mpira, asiyeandikwa ndiye asiyekuwapo.

Ndugu msomaji, najua jarida hili ni la mashairi na hadithi, na huenda unauliza: usajili wa wachezaji unatuhusu nini sisi? Unatuhusu sana. Sisi tunaojifunza kuandika tunajua maana ya kurasa chache na majina mengi. Tunajua pia kwamba kipaji hakijipandishi chenyewe. Kinapandishwa na mtu mwenye kalamu aliyekubali kukiandika. Kwa hiyo nakuomba unifuate taratibu. Nataka kueleza jinsi kanuni za orodha, zile ambazo hakuna anayezisoma mpaka siku ya kukatiwa rufaa, zilivyoamua na zinavyoendelea kuamua nani kati ya vijana wa Unguja atapanda na nani atabaki mtaani akisimulia.

Mimi ni mtoto wa Ng'ambo, na kwa misimu mitatu nimekuwa katibu wa timu ya vijana ya mtaani kwetu. Katibu hafungi bao. Kazi yake ni fomu, vyeti vya kuzaliwa na kugombana na wazazi waliopoteza vyeti hivyo. Basi haya niyasemayo nimeyaona kutokea upande wa meza.

Orodha za zamani

Mpira ulifika Unguja katika karne ya 19. Wanafunzi wa skuli ya misheni ya UMCA pale Kiungani, ambao wengi walikuwa watoto waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa, walikuwa miongoni mwa Waafrika wa mwanzo wa pwani hii kuucheza. Baadaye kitovu kikawa Mnazi Mmoja, ile sehemu tambarare baina ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, ambapo Waingereza walikuwa na viwanja vyao vya kriketi, tenisi na magongo. Chama cha mpira cha Zanzibar, ZFA, kinahesabu umri wake tangu 1926.

Zama hizo orodha haikuuliza sana umri. Iliuliza wewe ni wa nani. Klabu nyingi zilifuata kabila, kazi au mtaa: kulikuwa na za Waarabu, za Wahindi, za Wangazija, za Waafrika, na timu za idara za serikali kama polisi. Kijana alijulikana ni mtoto wa fulani kabla haijajulikana anacheza namba gani. Na kanuni hiyo isiyoandikwa haikuishia uwanjani. African Association ilipoundwa 1934, ilijengwa na watu ambao wengi walikuwa wameshazoeana katika klabu za mpira. Kwa maneno mengine, orodha ya wachezaji ilikuwa mazoezi ya orodha ya siasa. Ndiyo maana nasema karatasi hii si ya kuchezea.

Tena orodha ilikuwa fupi. Wachezaji 11 waliingia na hao hao 11 walitoka. Kombe la Dunia lenyewe halikuruhusu kubadilisha mchezaji mpaka lile la Mexico mwaka 1970. Kijana aliyekuwa nje alisubiri mkubwa wake avunjike mguu, asafiri, au aoe na mke amkataze. Hakukuwa na kile tunachokiita leo "kumpa dogo dakika ishirini ajionyeshe".

Lakini zama hizo zilikuwa na jambo moja ambalo leo limepungua: mtaa. Soma majina ya klabu zetu kongwe: Malindi, Mlandege, Kikwajuni, Miembeni, Vikokotoni. Ni kama umepanda gari ya abiria na utingo anakutajia vituo. Kijana wa Kikwajuni alikua akiitazama Kikwajuni ikifanya mazoezi, akiokota mipira inayotoka nje, na siku mtu akikosekana aliitwa: "We mtoto, njoo usimame beki." Hakuna kanuni iliyompandisha. Alipandishwa kwa kuwa jirani.

Ngazi na pengo lake

Msomaji wa Bara huenda hajui, basi nieleze. Huku kwetu watoto na vijana wanacheza kwa madaraja ya umri. Mdogo kabisa yuko Juvenile, akikua anaingia Junior, akikua zaidi anaingia Central. Juu ya hapo ndiko kuna madaraja ya wakubwa, mpaka Ligi Kuu ya Zanzibar. Ni mpango mzuri, na naomba nisieleweke vibaya. Nenda uwanja wowote wa mchanga jioni, Unguja yote, utaona watoto wenye jezi, wenye mwalimu, wenye ratiba, wenye hata mashabiki wa kutukanana nao. Nchi nyingi zingependa kuwa na ngazi kama hiyo.

Tatizo ni kwamba ngazi yetu ina vipago vizuri chini, halafu juu pana pengo la urefu wa mtu. Timu nyingi za Central zinajitegemea. Hazikuzaliwa na klabu ya Ligi Kuu, hazilishwi nayo, hazina mkataba nayo. Kanuni ya umri inamwambia kijana: umeshakuwa mkubwa, toka. Hakuna kanuni inayoiambia klabu kubwa: huyu ametoka, mpokee. Mlango mmoja unafungwa kwa sheria, mwingine unafunguliwa kwa hisani.

Ukiweka sheria upande mmoja na hisani upande wa pili, watu watatafuta ujanja. Ndipo wakazaliwa "vijeba", yaani watu wazima wanaocheza na watoto kwa cheti cha kuazima. Tunawacheka vijeba, tunawaimbia waende wakanyonyeshe watoto wao. Lakini jiulize kwa nini mtu wa miaka 23 ang'ang'anie kuwa na miaka 19. Mara nyingi ni kwa sababu akikubali umri wake hana pa kwenda. Udanganyifu ni kosa, sibishani. Nasema tu kwamba kosa hilo lina shina, na shina liko kwenye lile pengo.

Na adhabu yake huwaangukia hata wasiodanganya. Aprili 2018 vijana wetu wa chini ya miaka 17, Karume Boys, walikwenda Burundi kwenye mashindano ya CECAFA. Kanuni ilitaka waliozaliwa kuanzia 2002. Ilipofanyika hesabu, wachezaji 12 wa Zanzibar walionekana wamezaliwa kabla ya hapo, na timu nzima ikatolewa. Tofauti ya mwaka mmoja tu kwenye karatasi. Wale waliokuwa na umri halali nao walifunga mabegi, wakarudi nyumbani bila ya kuonyesha chochote. Mtoto wa miaka 16 habebi lawama ya barua asiyoisoma, lakini anabeba begi lake. Na nafasi ya chini ya miaka 17 haimsubiri mtu. Mwaka unaofuata ameshapita.

Kijana wa mguu wa kushoto

Niruhusu nitoe mfano mmoja ninaoujua kwa karibu. Jina silitaji, na klabu siitaji.

Tulikuwa na kijana wa mguu wa kushoto. Alikuwa akikokota mpira pembeni mwa chaki kama vile kauwekea gundi. Umri wa Central ulipomwishia, klabu moja ya Ligi Kuu ilimfuata. Mtaa mzima ulifurahi. Mama yake alipika biriani. Fomu ilijazwa, nikaitia muhuri mimi mwenyewe, na kijana akasajiliwa.

Msimu ulianza, na kijana hakuonekana. Wiki ya kwanza tulidhani mgonjwa. Wiki ya tano tukajua: jina lake limo kwenye orodha ya klabu, lakini halimo kwenye orodha ya siku ya mechi. Mazoezini anakwenda kila siku, kwa baskeli, kutoka Ng'ambo na kurudi. Ikifika siku ya mchezo anakaa jukwaani. Na kwa kuwa ameshasajiliwa, timu nyingine haiwezi kumtumia. Akicheza kwetu atakuwa mamluki, na sisi tutapokonywa pointi.

Nilimkuta barazani jioni moja nikamuuliza vipi. Akanijibu, "Kaka, mimi nimesajiliwa nisiende kwengine. Sikusajiliwa nicheze."

Sentensi hiyo nimeibeba mpaka leo. Klabu haikuvunja kanuni hata moja. Ilimwandika, na kumwandika kulikuwa halali. Ilimweka nje, na kumweka nje kulikuwa halali. Msimu wa pili alikuwa yule yule jukwaani. Msimu wa tatu alikuwa Nungwi, anabeba mizigo ya wageni hotelini. Mguu wa kushoto anao bado, nadhani.

Jezi na mshahara

Wapo watakaosema, basi klabu hiyo ilikuwa na watu wabaya. Mimi siamini hivyo. Tazama jinsi ligi yetu ilivyobadilika. Klabu za mitaa zilizowahi kutamba zimekuwa zikigombana na umasikini, na kwa miaka mingi sasa mabingwa wengi wamekuwa wakitoka katika timu za vikosi: KMKM, JKU, Mafunzo, Zimamoto. Mlandege ilipochukua ubingwa 2020 ilikuwa kama sauti ya mtaa imesikika tena.

Sivilaumu vikosi. Bila ya vikosi sijui ligi ingekuwa wapi. Lakini kikosi kina jambo ambalo klabu ya mtaa haina: ajira. Kwa kijana wa Unguja, kuitwa na timu ya kikosi kunaweza kuwa mlango wa mshahara, wa pensheni, wa kuoa. Matokeo yake nafasi kwenye orodha inakuwa na thamani mbili, ya mpira na ya maisha. Hebu niambie, nani atampisha kijana wa miaka 19 kwa moyo mweupe ikiwa kumpisha mpirani kunaweza kugusa na mkate wake? Mchezaji wa miaka 33 anayeng'ang'ania namba yake si mchoyo. Ana watoto skuli.

Kwa hiyo orodha inazeeka. Inazeeka taratibu bila ya mtu kuamua izeeke.

Bendera tatu, orodha tatu

Sasa tupande juu zaidi. Mchezaji wa Zanzibar ana tatizo ambalo mchezaji wa Kenya au Uganda hana: orodha anazoweza kuingia zinategemea mashindano yanaitwaje.

Kwenye Kombe la Chalenji la CECAFA, Zanzibar ni nchi. Tuliutwaa ubingwa huo 1995 kule Uganda. Mwaka 2017 tuliwafunga Tanzania Bara 2-1 kwenye makundi, tukawatoa Uganda 2-1 nusu fainali, kisha tukatoka 2-2 na Kenya kwenye fainali pale Machakos na kupoteza kwa penalti. Kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika na Kombe la Dunia, Zanzibar si nchi, na kijana huyo huyo lazima atafute nafasi ndani ya orodha moja ya Taifa Stars. Machi 2017 CAF ilitupokea kuwa mwanachama kamili. Watu wa Mji Mkongwe walipiga honi. Julai mwaka huo huo uanachama ukafutwa, kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Miezi minne tu! Kijana wa Central aliyeota kuvaa jezi ya Zanzibar dhidi ya Misri au Senegal kwenye mchujo wa Afrika aliota ndoto hiyo kwa miezi minne, akaamshwa.

Kwa upande wa klabu mambo yalikwenda kinyume. Kuanzia 1982 mabingwa wa visiwani na wa Bara walikutana kwenye Ligi ya Muungano kugombea nani aende Afrika. Ilikuwa njia nyembamba, lakini ilikuwa na faida yake: kijana wa Malindi alikutana na Yanga na Simba katika mechi za kweli, si za kirafiki, na walimu wa Bara walimwona kwa macho. Malindi iliuchukua ubingwa wa Muungano 1989 na 1992. Baada ya 2004, Zanzibar ilipokuwa mwanachama mshiriki wa CAF, klabu zetu zilipata nafasi zao wenyewe za kwenda Afrika moja kwa moja, na Ligi ya Muungano ikabaki historia. Tulipata mlango wa kutokea, tukapoteza dirisha la kuonekana. Leo dirisha kubwa lililobaki ni Kombe la Mapinduzi kila Januari. Januari 2024 Mlandege iliifunga Simba 1-0 kwenye fainali pale Amaan, na hapo Bara wakakumbuka kuuliza majina.

Mgeni njoo, mwenyeji apone?

Wanaovuka bahari wapo, na tunawajua. Nadir Haroub "Cannavaro" alitoka Malindi akaenda Yanga 2006, akawa nahodha wa Taifa Stars. Feisal Salum, Fei Toto wetu, alitoka JKU kwenda Yanga 2018. Ibrahim Hamad "Bacca" alitoka KMKM kwenda Yanga Januari 2022. Chanda chema huvikwa pete.

Lakini tazama na kanuni iliyokuwa ikienda sambamba nao. Ligi Kuu ya Bara iliruhusu wachezaji wa kigeni 7 kwa klabu mwaka 2015. Ikapanda 10. Ikapanda 12. Mzanzibari kule si mgeni, ni raia, hivyo anagombea zile nafasi zilizobaki kwa wenyeji, pamoja na vijana wote wa Mwanza, Mbeya, Tanga na Dar es Salaam. Klabu kubwa yenye wageni 12 hodari inabakiwa na nafasi chache sana za mwenyeji kwenye kikosi cha kwanza, na nafasi hizo haziendi kwa kijana wa kujaribiwa. Zinakwenda kwa aliyeiva. Bacca alikwenda akiwa ameiva. Ni nani atamwivisha anayefuata?

Siwachukii wageni. Wameipandisha ligi, na klabu za Tanzania zimefika mbali Afrika kwa sababu yao. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Swali langu ni dogo: mwenyeji wa umri gani anapona?

Wenzetu wamefanyaje

Tatizo hili halikuanza kwetu. Ulaya, baada ya hukumu ya Bosman ya 1995, mipaka ya wachezaji kutoka nchi za Umoja wa Ulaya ilivunjika, na watu wakaanza kulalamika kwamba watoto wa nyumbani wamepotea. UEFA ikatunga kanuni, ikaanza kutumika msimu wa 2006/07 na kukazwa hatua kwa hatua: kwenye orodha ya wachezaji 25, nafasi 8 ni za waliolelewa na klabu hiyo au na klabu nyingine za nchi hiyo. Usipokuwa nao, nafasi hizo zinabaki tupu. Ligi Kuu ya Uingereza ilifuata 2010 kwa kanuni yake ya watu 25, na ndani yake wakaweka kifungu kimoja kidogo chenye akili kubwa: mchezaji wa chini ya miaka 21 hahesabiwi. Waandike wangapi utakao. Kwa kifungu hicho kijana hamnyang'anyi mkubwa nafasi. Anaongezwa juu ya hesabu. Yule mwenye miaka 33 na watoto skuli hana sababu ya kumuogopa.

Lakini kanuni ya kumlinda kijana inaweza pia kumfunga. Kule Kanada na Marekani wana mchezo wa magongo wa juu ya barafu, na ligi yao kubwa ni NHL, ambapo orodha ya klabu ni wachezaji 23. Kwa miaka mingi NHL na ligi za vijana za Kanada zimekuwa na makubaliano: kijana wa chini ya miaka 20 kutoka ligi hizo ama aingie moja kwa moja kwenye wale 23, ama arudishwe kwa watoto. Ngazi ya kati, ligi ya AHL ambako angekomaa, haikuwa ya kwake. Lengo lilikuwa kuzilinda timu za vijana zisiporwe nyota wao. Matokeo yake kijana wa miaka 19 aliyewazidi wadogo na hajawafikia wakubwa alikaa mwaka mzima pasipo pake. Niliposoma habari hizo nilicheka peke yangu. Barafu sijawahi kuiona zaidi ya ile ya kwenye juisi ya miwa pale Forodhani, lakini kijana huyo namjua. Nimemjazia fomu.

Funzo ni kwamba kanuni nzuri haipimwi kwa nia yake. Inapimwa kwa kuuliza: yule aliyemaliza daraja hili, kesho asubuhi anafanya mazoezi wapi, na Jumamosi anacheza wapi?

Ninachopendekeza

Mimi si kiongozi wa shirikisho, wala sina kiti cha kugombea. Nasema kama katibu aliyechoka kuandika majina ya watu wanaopotea.

La kwanza, orodha ya Ligi Kuu iwe na nafasi za vijana waliotoka Central ambazo hazihesabiwi katika idadi ya wakubwa. Gharama yake ni jezi na nauli.

La pili, mchezaji wa chini ya miaka 21 aliyesajiliwa na asicheze kabisa katika duru ya kwanza, awe na haki ya kuazimwa duru ya pili, hata timu ya daraja la chini, bila ya klabu yake kuzuia. Kumwandika mtu ni kumwahidi. Ahadi isiyotekelezwa irudishwe.

La tatu linatuhusu sisi wa mitaani: tutunze karatasi. Kanuni za FIFA tangu 2001 zinasema mchezaji akisajiliwa na klabu ya nchi nyingine kwa mkataba wa kulipwa, klabu zilizomlea baina ya miaka 12 na 21 zina haki ya fidia ya mafunzo. Lakini fidia hiyo haiji kwa hadithi za barazani kwamba "huyu tulimlea sisi". Inakuja kwa rekodi: alisajiliwa lini, alicheza wapi, nani alitia saini. Timu ngapi za Juvenile na Junior zina daftari la miaka mitano nyuma? Mchwa wanajua zaidi yetu.

Na haraka ipo. Novemba 2023 watoto wetu wa chini ya miaka 15 walikwenda Uganda, wakacheza fainali ya CECAFA na wenyeji wao, wakawashinda kwa penalti na kurudi na kombe. Unguja na Pemba zilifurahi, viongozi wakapiga picha nao. Hesabu pamoja nami: mtoto aliyekuwa na miaka 14 siku ile anafikisha 17 mwaka 2026, na 20 mwaka 2029. Tunawajua kwa majina, tunajua tarehe zao za kuzaliwa, na safari hii karatasi zao zilikuwa safi. Hatuwezi kusema hatukuwaona.

Kwa hiyo ukienda Amaan au uwanja wa Mao msimu ujao, kabla hujashangilia, muombe katibu wa timu yoyote akuonyeshe orodha ya mechi. Usitazame majina. Tazama miaka ya kuzaliwa, uhesabu wangapi wako chini ya 21, halafu uhesabu wangapi kati yao wanaingia uwanjani na wangapi wanakaa jukwaani karibu yako. Ukiwakuta hao wa jukwaani, waulize wanatoka Central ipi.